Mtoto wa siku 19, nepi za kijani zenye povu na kamasi: nisubiri au niende hospitali?

MamaNuru (mleta mada)
Jumanne, saa 4:10 usiku

Habari za usiku wapendwa. Naombeni msaada, maana kichwa changu kimejaa maneno ya watu mpaka sijui nishike lipi.

Nina binti wa siku 19, uzao wangu wa kwanza. Nilijifungua kawaida, alikuwa na kilo 3.1, akalia papo hapo, akachomwa ile sindano ya pajani na akanyonya ndani ya saa ya kwanza. Choo chake cha kwanza kilikuwa cheusi kama lami, kinanata hadi nikakitoa kwa mafuta ya nazi. Siku ya tatu kikawa kijani cha giza. Siku ya tano kikawa njano safi, laini, kina vichembe kama ufuta. Nesi akaniambia hiyo ndiyo nepi ya mtoto anayeshiba, nikalala na amani.

Tangu siku ya 15 mambo yamegeuka. Choo ni kijani kama mchicha uliosagwa, kina povu kama la sabuni ya kufulia na kamasi zinazovutika ukikunjua nepi. Kinatoka kwa mshindo pamoja na upepo, kinapanda mpaka mgongoni. Leo nimebadilisha mara 9. Kikikaa kidogo tu makalio yanakuwa mekundu. Kuanzia saa 12 jioni anajikunja, magoti tumboni, analia mpaka saa 3. Akinyonya anapaliwa, anaachia titi, maziwa yanamrukia usoni, anarudi, anaachia tena. Homa hana.

Sasa maneno. Mama mkwe anasema ni mchango, na ameshatafuta dawa ya mizizi huko Muheza, iko kwenye chupa ya soda hapa mezani. Jirani alituuliza mimi na mume wangu mbele ya wageni kama tumeweza kuvumilia. Mnajua alichomaanisha: kwamba tumembemenda mtoto, yaani tumelala pamoja ningali nanyonyesha na tukamdhuru. Nililia ndani kwangu kama msiba. Shoga yangu anasema maji ya uvuguvugu kijiko kimoja. Duka la dawa wananiambia gripe water.

Sijampa chochote bado. Lakini saa moja iliyopita nilikuwa nimeshika kijiko.


binti_kahama
Jumanne, saa 4:31 usiku

Pole sana mama Nuru na hongera kwa mtoto. Wa kwangu alikuwa na kijani hivyo hivyo, sasa ana miaka miwili anakimbiza kuku. Usimpe kitu usiku huu. Subiri wataalamu wa humu waje.


Mwana_Handeni
Jumanne, saa 4:52 usiku

Dada, usidharau ya wazee. Sisi sote humu tumenyweshwa dawa ya mchango na tupo, tumesoma, tuna familia. Mama mkwe wako kahangaika mpaka Muheza kwa ajili ya mjukuu wake, huyo anampenda. Mpe kidogo, kesho utakuja kutushukuru.


MkungaMstaafu
Jumanne, saa 5:15 usiku

Mwanangu, kijiko kirudishe jikoni. Umefanya vizuri sana kuuliza kabla ya kukitumia.

Nimezalisha miaka 31, sehemu kubwa kwenye zahanati za vijijini mkoa wa Ruvuma. Rangi ya nepi peke yake hainitoshi, kwa hiyo nijibu haya. Kwa siku nzima, usiku na mchana, analowesha nepi ngapi za mkojo? Mkojo wenyewe ni kama maji au umekolea? Uzito wake wa mwisho kwenye kadi ni upi? Anakaa titi moja dakika ngapi, na anayeamua kuhama ni wewe au yeye? Anatapika? Akitapika, ni maziwa au ni kitu cha kijani? Akiwa ametulia, tumbo lake ni laini au limekaza kama ngoma? Chuchu zako zimepasuka? Na wewe unakula na kunywa nini tangu ulipojifungua?

Wakati unaandika majibu, niseme haya mengine mawili, maana najua yanavyouma.

Mbegu za mwanaume hazina njia ya kufika kwenye maziwa. Maziwa hutengenezwa ndani ya titi kutokana na damu ya mama, na tumbo la uzazi halina mlango wa kwenda huko. Nadhani naelewa neno hili lilikotoka. Zamani mama akipata mimba nyingine mapema alimwachisha mtoto ghafla, mtoto akapewa uji mwepesi wa maji machafu, akaharisha, akanyauka mbele ya kijiji kizima. Watu waliona mtoto anaisha, wakaona na mimba, wakaunganisha. Hofu ilikuwa ya kweli, ila sababu waliikosea. Jirani yako hana haki ya kukutwisha aibu hiyo, na mumeo naye asomewe hapa nilipoandika.

Mwana_Handeni, nakuheshimu, na mama mkwe huyo namheshimu zaidi. Lakini mchango ni jina la mambo mengi. Bibi zetu waliita mchango kila kilichomkunja mtoto tumbo: gesi, kilio cha jioni, utumbo uliojisokota, hata maambukizi ya damu. Kilio cha jioni hupanda mpaka karibu wiki ya 6 na huisha chenyewe miezi mitatu au minne, dawa ipewe isipewe, na chupa ndiyo inapata sifa. Utumbo uliojisokota hauishi wenyewe. Wapo walionyweshwa wasifike arobaini, na mama zao niliwashika mikono mimi. Miaka ya 90 nililetewa watoto waliong'olewa "meno ya plastiki" kwa spoku ya baiskeli kwa sababu tu walikuwa wanaharisha. Ufizi wa mtoto ulikuwa shimo. Ndiyo maana kwenye jambo hili nasema bila kupindisha.


MamaNuru
Jumanne, saa 5:40 usiku

Asante mama yangu, asante sana. Nimemsomea mume wangu, kanyamaza muda mrefu halafu kasema kesho anazungumza na jirani yeye mwenyewe.

Majibu: mkojo nepi 8 au 9, ni kama maji, hauna rangi. Uzito siku ya 14 ulikuwa kilo 3.3. Anacheua maziwa kidogo baada ya kunyonya, kijani hapana. Tumbo ni laini akitulia. Chuchu ya kushoto ilipasuka wiki ya kwanza, imepona. Titi namhamisha mimi kila baada ya dakika 5, niliambiwa nigawe sawa ili moja lisikauke. Maziwa ni mengi mno, nalowesha kanga mbili kwa usiku. Chakula: uji wa pilipili manga, supu ya kuku, ndizi, wali, na maziwa. Tanga mnajua wenyewe, maziwa hayakosekani. Mama mkwe ananiletea nusu lita asubuhi na nusu lita jioni ili nipate maziwa ya mtoto.


MkungaMstaafu
Jumatano, saa 1:05 asubuhi

Nimelala nikiwa nimetulia baada ya kusoma majibu yako. Mtoto anayekojoa mara 6 au zaidi kwa siku, mkojo mweupe, ambaye siku ya 14 ameshavuka uzito wa kuzaliwa, huyo anashiba. Watoto wengi hupungua siku za mwanzo, hata asilimia 7 mpaka 10, kisha hurudi kwenye uzito wao kufikia siku ya 10 hadi 14. Wako amerudi na kuongeza gramu 200.

Sikiliza kinachoweza kuwa kinatokea. Titi halina maziwa ya aina mbili. Lakini mafuta ya maziwa hung'ang'ania kwenye vijishimo na vimirija ndani ya titi, na kadiri titi linavyopungua ndivyo yanavyoachia na kutoka. Mwanzo wa kunyonya maziwa ni mepesi, mwisho ni mazito. Wewe maziwa yako ni mengi na yanatoka kwa kasi, na kila yanapoanza kuwa mazito unamhamisha. Anakunywa mepesi ya kushoto, mepesi ya kulia, mepesi tena. Maziwa mepesi hupita tumboni haraka, sukari yake inafika utumbo mpana kabla haijasagwa yote, vijidudu vya huko vinaichachusha, inatoka gesi, povu na ule ukali unaochoma makalio. Ukijani ni nyongo iliyopita mbio bila kupata muda wa kugeuka njano.

Fanya hivi. Mwache amalize titi moja mpaka aachie mwenyewe, vidole vimelegea. Akitaka zaidi ndipo mpe la pili. Zamu inayofuata anza na lile ambalo hakulimaliza. Maziwa yakianza kuruka, mwondoe kidogo, yaruke kwenye kitambaa, kasi ikipungua mrudishe. Jaribu kunyonyesha ukiwa umeegemea nyuma, mtoto juu ya kifua chako, ili maziwa yapande badala ya kumporomokea kooni. Na mdomo ushike sehemu nyeusi ya titi, siyo chuchu tu.

Mpe siku tano. Lakini mpeleke kliniki wiki hii akapimwe na kukaguliwa, mimi simwoni, nasoma maandishi tu. Na akikataa kunyonya, akiwa mlegevu, joto likifika 37.5 au akiwa wa baridi, akitapika kijani, tumbo likikaza, au ukiona damu: usiandike humu kwanza, ondoka nyumbani.


UmmKhalid_Msa
Jumatano, saa 4:20 asubuhi

Salamu kutoka Mombasa. Mimi nataka niongeze ya siku za mwanzo kabisa, maana hakuna aliyeniambia, na nilishtuka nusu ya kufa.

Mwanangu wa kike, siku ya tatu, nimefungua pampasi nikaona doa la rangi ya chungwa, kama mtu amekwaruza tofali akamwaga vumbi lake. Nikafikiri damu. Siku ya nne tena, ute mweupe na tone la damu, safari hii mbele, kwenye uke wa mtoto. Mama yangu akasema tumfiche watu wasimwone. Tukaenda hospitali usiku, daktari wa zamu akatuchukulia kwa upole sana. Lile vumbi la chungwa ni chembe za mkojo uliokolea, siku mbili tatu za kwanza mtoto anakunywa dang'a matone tu kwa hivyo mkojo unakuwa mzito. Maziwa yakijaa linaondoka. Likiendelea kupita siku ya tano ndiyo ishara hapati maziwa ya kutosha. Na lile tone la damu kwa mtoto wa kike ni homoni za mama zinamtoka mwilini, linakoma lenyewe ndani ya siku chache.

Aliniandikia kwenye kitabu cha mama na mtoto hesabu ya kukojoa: siku ya kwanza angalau mara moja, ya pili mara mbili, ya tatu mara tatu, mpaka kufika sita. Mpaka leo nikienda kumpa mtu hongera ya uzazi namwandikia hiyo hesabu kwenye karatasi.


Baba_Mapacha
Jumatano, saa 8:15 mchana

Mkunga naomba kuuliza hapa hapa. Mapacha wangu wana wiki 7, wananyonya tu. Kulwa anapata choo kila siku, Doto leo siku ya 6 hajapata mwenyewe. Anacheka, anajamba, anakojoa vizuri. Dada yangu jana alimchongea kipande cha sabuni ya mche akamwingiza nyuma. Kilitoka choo kidogo laini, lakini leo pana kidonda na analia akipanguswa.


MkungaMstaafu
Jumatano, saa 11:40 jioni

Baba, sabuni mara ya mwisho jana. Pale ndani pana ngozi nyororo kuliko ya mdomo, na sabuni ya kufulia ina magadi yanayoiunguza. Kioshe kwa maji safi, paka mafuta, na wakimwangalia kliniki itakuwa bora zaidi.

Umesema mwenyewe: kilichotoka kilikuwa laini. Kufunga choo maana yake ni choo kigumu kama cha mbuzi, haimaanishi siku zilizopita. Mtoto anayenyonya tu, akishavuka wiki 6, anaweza kukaa wiki nzima hata siku kumi bila choo, kwa sababu maziwa ya mama hayaachi makapi mengi. Siku kikija, andaa nepi mbili. Na ukimwona anasukuma, uso mwekundu, analia dakika kumi au ishirini halafu kinatoka laini, huyo anajifunza kulegeza nyuma huku akikaza tumbo. Ukimsaidia kwa kitu atachelewa kujifunza.

Lakini wasomaji wengine msichukue jibu hili la Doto mkalipachika kwa kichanga. Kabla ya wiki 4 au 6, mtoto asiyepata choo huenda hapati maziwa ya kutosha, apimwe uzito. Na mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake akifikisha saa 48 hajatoa kile choo cheusi cha kwanza, arudi hospitali hata kama ananyonya. Wengine njia ya haja haijafunguka vizuri, wengine kipande cha utumbo hakina neva za kusukuma, ugonjwa wa Hirschsprung. Mimi niliwahi kumkuta mmoja siku ya sita. Tumbo lilikuwa linang'aa, mishipa inaonekana kama ramani. Nilipowauliza kama amewahi kupata choo, kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyebadilisha nepi.


mama_wa_kumbukumbu
Jumatano, saa 3:25 usiku

Huwa nasoma tu humu, sijawahi kuandika. Leo naandika kwa sababu mmezungumza kijani, njano, nyeusi na chungwa, na hakuna aliyetaja nyeupe.

Mwanangu wa kwanza alikuwa wa kiume, mnene, mwenye furaha. Macho yalibaki ya manjano. Wiki ya tatu nikaambiwa mwoteshe jua asubuhi, nikamwotesha. Wiki ya tano nikaambiwa ni manjano ya maziwa, yataisha. Mimi nilikuwa naona nepi zake zinapauka siku hadi siku, sikujua kama ni jambo la kusema. Zilifika mahali zikawa kama udongo wa mfinyanzi uliokauka, rangi ya uji wa mchele. Na mkojo wake ulikuwa unaacha doa kwenye nepi ya kitambaa, doa la chai ya rangi, halitoki hata kwa jiki. Nilikuwa nafua yale madoa kila siku kwa mikono yangu. Nililijua tatizo kwa vidole kabla sijalijua kwa jina.

Tulifika kwa daktari bingwa akiwa na siku 84. Akaomba nepi, akaiangalia chini ya dirisha, akakaa chini. Njia za nyongo kutoka kwenye ini zilikuwa zimeziba. Nyongo ndiyo inayokipa choo rangi, isipofika utumbo choo kinakuwa cheupe, na ile rangi inazunguka kwenye damu na kutokea kwenye mkojo. Alinieleza kuna upasuaji wa kuunganisha utumbo moja kwa moja na ini, aliubuni daktari Mjapani, Morio Kasai, miaka ya 1950. Unafaa zaidi mtoto akiwa hajafikisha siku 60. Ini la mwanangu lilikuwa limeshakuwa gumu. Alifariki akiwa na miezi 11.

Baadaye nilisoma kwamba Taiwan, tangu 2004, kila mama anapewa kadi yenye picha za rangi za choo ndani ya kitabu cha kliniki, analinganisha nepi na picha. Kadi tu, karatasi. Nimeifikiria karatasi hiyo miaka mingi.

Mtoto wa manjano kupita siku 14 apimwe damu, na daktari aulize sehemu mbili za ile rangi ya manjano kwenye damu (bilirubini), siyo jumla peke yake. Asipouliza nepi, mpelekee nepi. Nawaomba sana.


binti_kahama
Jumatano, saa 3:50 usiku

Mama, Mungu ampumzishe kijana wetu. Nimenyanyuka nimeenda kuangalia nepi ya mdogo wangu aliyezaliwa mwezi huu. Ni njano. Asante.


Mwana_Handeni
Jumatano, saa 4:05 usiku

Poleni sana mama. Nami nimesoma yote. Mke wangu ana ujauzito wa miezi saba, hili la siku 14 nimeliandika.


MkungaMstaafu
Alhamisi, saa 12:30 asubuhi

Mama wa kumbukumbu, pole kwa mzigo wako, na asante kwa kuuleta hapa. Uliyoandika yafaa kubandikwa ukutani kwenye kila chumba cha kliniki. Naongeza moja tu: manjano yanayotokana na maziwa ya mama yapo kweli na hayadhuru, lakini mtoto wa namna hiyo choo chake hubaki njano na mkojo wake hubaki mweupe. Nepi ndiyo inayowatenganisha.


MamaNuru
Jumatatu, saa 9:15 usiku

Nimerudi. Jumapili nilikuwa nimejiandaa kuja kuwapa habari njema, nepi zilipungua mpaka 5, povu limeisha, hapaliwi tena, jioni analia nusu saa tu. Sasa hivi nimefungua nepi nimekuta kamasi ya kijani na ndani yake uzi mwekundu, mwembamba kama uzi wa kushonea, urefu wa ukucha wangu. Nimewasha taa zote. Ni damu. Ananyonya, hana homa, tumbo laini. Mume wangu anatafuta bajaji. Naomba dua zenu.


MkungaMstaafu
Jumatatu, saa 11:10 alfajiri

Nimeona sasa. Mmefanya sawasawa kuondoka. Chukua nepi hiyo hiyo ndani ya mfuko, usiitupe. Mwambie daktari chuchu ilipasuka, wakati mwingine ni damu ya mama iliyomezwa, ingawa hiyo huja nyeusi nyeusi. Na mwambie kuhusu ile lita moja ya maziwa ya ng'ombe unayokunywa kila siku. Nilipaswa kukuuliza zaidi kuhusu hilo siku ya kwanza.


MamaNuru
Jumatatu, saa 10:40 jioni

Tupo nyumbani, mtoto amelala kifuani.

Daktari wa watoto alimkagua kila mahali. Alitenganisha makalio akaangalia kama kuna mchaniko, hakuna. Alinikagua chuchu, zimepona. Akauliza kama alichomwa ile sindano ya pajani siku ya kuzaliwa. Nilipomwambia ndiyo akaniambia ni vitamini K, inasaidia damu kuganda, asingekuwa nayo angeniogopesha zaidi. Amepima damu, wingi wa damu uko vizuri. Uzito kilo 3.6. Ikabaki nepi. Aliichunguza kwa muda, kamasi na ule uzi, akaniuliza nakunywa nini.

Anafikiri ni mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe. Zinapita kutoka kwangu kwenda kwenye maziwa yangu kidogo kidogo, na utumbo wake unavimba na kuchubuka. Nikamwuliza niache kunyonyesha? Akasema hapana, tena kwa sauti. Mimi ndiye niache: maziwa, mtindi, siagi, chai ya maziwa, biskuti na mikate yenye maziwa, kwa wiki nne. Damu inaweza kuendelea kuonekana kidogo siku za mwanzo. Nile dagaa na mifupa yao, mchicha, maharage, ili mifupa yangu isidhoofike. Ikitulia, nitarudisha maziwa kidogo chini ya uangalizi wake ili tuwe na uhakika, maana hataki ninyimwe chakula kwa kudhani tu.

Ugumu ulikuwa kumwambia mama mkwe. Nilimwita chumbani nikamwonyesha nepi, nikamweleza taratibu alivyosema daktari. Aliitazama, akatazama kile kibuyu chake cha maziwa mlangoni, machozi yakamtoka. Akasema, "Kumbe mimi ndiye." Nikamwambia hapana mama, wewe ulinilisha mimi nikamlisha yeye, hakuna aliyejua. Alitoka na kibuyu. Saa moja baadaye alirudi na dagaa wa kukaanga na ile chupa ya soda hakuiuliza tena.


UmmKhalid_Msa
Jumatatu, saa 2:30 usiku

Alhamdulillahi. Mwambie mama mkwe maziwa ya nazi ni ruhusa, atapata pa kumimina mapenzi yake.


Mfamasia_Mbagala
Jumanne, saa 6:20 mchana

Nimechelewa kwenye uzi huu, niseme langu kuhusu gripe water kwa kuwa mimi ndiye ninayesimama nyuma ya kaunta. Ile dawa ilianzishwa Uingereza, Nottingham, na William Woodward mwaka 1851, na ya mwanzo ilikuwa na kilevi ndani, ndiyo maana watoto walilala. Za siku hizi nyingi zina magadi, mafuta ya mbegu za mimea na sukari. Hakuna ninachoweza kumwonyesha mama kuthibitisha kwamba inatibu kilio cha jioni. Nikimwambia hivyo huwa ananitazama kama nimemnyima. Siku hizi ninamketisha kwanza namuuliza maswali ya Mkunga, la mkojo kwanza. Na wenye watoto waliopewa matone ya madini ya chuma, choo cheusi hapo ni kawaida. Asiyepewa, ambaye alishafika njano kisha akarudi kuwa mweusi kama lami, hiyo tunaihesabu ni damu, aende.


MamaNuru
Baada ya wiki 5

Wapendwa, Nuru ana wiki 9, kilo 4.9. Uzi wa damu ulionekana mara mbili zaidi siku za mwanzo, siku ya 8 ukakoma. Wiki ya pili kamasi zikaisha. Wiki iliyopita nilirudisha chai ya maziwa kikombe kimoja asubuhi kama daktari alivyopanga, siku ya tatu kamasi zikarudi na uzi mmoja. Basi tumejua. Daktari amesema tusubiri, wengi wanapona wakikaribia mwaka mmoja, tutajaribu tena baadaye.

Leo asubuhi: njano, laini, ufuta. Mama mkwe ndiye aliyefungua nepi, akaniita nije nione.


neema_mbozi
Baada ya wiki 5, saa 5:50 usiku

Samahani kwa kuingilia. Nimeusoma uzi wote na mtoto yuko mapajani. Ana siku 4, wa kiume. Choo bado cheusi, na pampasi ya sasa hivi ina lile vumbi la chungwa. Amelala sana leo, namwamsha anyonye anasinzia. Nifanyeje?


MkungaMstaafu
Baada ya wiki 5, saa 5:58 usiku

Neema, nipo macho. Kufikia siku ya nne choo kilipaswa kuwa kimeanza kugeuka rangi, na usingizi huo siupendi. Mvue nguo, mweke ngozi kwa ngozi kifuani, mkamulie matone mdomoni huku mwenzako anatafuta usafiri, muende sasa, msingoje kupambazuke. Ukiwa njiani niandikie: tangu asubuhi amekojoa mara ngapi?